Feni za Chumba cha Nyuma

Watu wakiniuliza kwa nini mimi na mwenzangu tuliachana, huwa nawaambia biashara ya saiba ilikufa simu za intaneti zilipojaa. Si uongo, zilijaa na zikatumaliza wengi hapa Eldoret. Lakini mwenzangu alikuwa ameondoka kabla ya hapo, na aliondoka kwa sababu ya feni. Nikisema hivyo watu wanacheka, kwa hivyo sisemi.

Nianze na kiti. Kiti cha kaunta, pale dirishani, kilikuwa chake. Hatukuketi tukakubaliana. Tulipofungua saiba yetu ghorofani, juu ya duka la Hajji la redio na blanketi, yeye alikikalia siku ya kwanza na ikawa basi. Alikuwa na mdomo, huyo, jamani. Mteja alipanda ngazi kuja kutuma barua pepe moja tu, akashuka amecheka, amekunywa chai yetu, na ametuma tatu. Mimi ni mtu wa nyaya. Nilikaa chumba cha nyuma, nyuma ya ukuta wa plaiwudi, mlango wazi, nikimsikiliza akiwachokoza watu. Tulisoma ufundi pamoja, tukamaliza pamoja, na tangu hapo tukawa tunaitana Patna. Sikumbuki kumwita kwa jina lake hata mara moja.

Kisha yale mambo yakatokea. Mpaka leo hapa kwetu tunayaita hivyo, yale mambo, na hakuna anayeuliza ni mambo gani. Kura zilihesabiwa na nyumba zikachomwa. Mimi ni mtu wa huku, kwetu ni upande wa Moiben. Yeye ni wa wale wengine, ingawa alizaliwa mji huu huu na lugha yetu alikuwa akiisema vizuri kuliko binamu zangu waliokulia Nairobi. Nyumba ya wazazi wake ilikwisha yote, pamoja na kuku. Walilala kwenye hema kule uwanja wa maonyesho, na mimi nikawapelekea unga na sufuria. Niliwapelekea mara moja. Barabara zilikuwa mbaya, ndiyo, lakini hazikuwa mbaya kila siku.

Saiba ilivunjwa pia. Hajji aliwahi kuzishusha kompyuta zetu kadhaa na kuzificha chini ya blanketi zake, Mungu ambariki. Hata swichi yetu ndogo, kile kisanduku cha kugawa intaneti kwa kompyuta zote, waporaji waliibeba. Sijui walidhani ni nini. Labda redio.

Hali ilipotulia kidogo wazazi wake walienda Nakuru kuanza upya. Yeye akarudi mjini peke yake, akakodi chumba, akanipigia simu. "Patna, tunafungua lini?" Nililia kwenye simu kama mtoto. Yeye akaniambia niache maigizo nitafute kioo cha dirisha.

Tulifungua. Wiki ile ile ya kwanza, kijana mmoja wa mtaa, mtu ninayemjua, tena mwenye heshima zake, alinikuta kwenye ngazi akaniambia kwa upole kabisa: "Mwambie huyo rafiki yako asikae hapo dirishani. Kioo ni kipya. Msije mkavunjiwa tena." Hakunitisha. Alikuwa ananishauri, na hiyo ndiyo iliyonitia baridi. Na kweli nilikuwa nimeshaona watu wawili watatu wakifika mlangoni, wanamtazama aliyeketi kaunta, wanakumbuka wana haraka.

Nikamwambia, "Patna, hebu kaa huku nyuma kwanza. Hali itulie."

Akanitazama. Huyu ni mtu ambaye ukimwambia mvua inanyesha atabishana nawe mpaka ikatike. Akasema, "Sawa." Akachukua kikombe chake, akaingia nyuma. Mimi nikapanda kile kiti. Hilo neno "kwanza" lilikaa miezi.

Sasa tuje kwenye swichi. Tulinunua nyingine kuukuu kutoka ofisi moja iliyofunga milango na kuhama mji. Lilikuwa dude kweli kweli, refu, zito, la kufungwa kwenye kabati la chuma, limetengenezwa kwa majengo makubwa. Ndani lilikuwa na pawa saplai mbili, yaani visanduku vya kuliingizia stima, kila moja na waya wake wa kuchomeka ukutani. Moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wote na hakuna anayejua. Tuliipenda kwa sababu hiyo. Waya mmoja tuliuchomeka kwa stima ya kawaida, mwingine kwa betri, na stima ilipopotea mji mzima, wateja wetu waliendelea kuandika. Watu walikuwa wakitoka saiba nyingine mbio kuja kwetu.

Lakini kelele! Woi. Kila pawa saplai ilikuwa na feni yake ndogo, na ubavuni kulikuwa na nyingine tatu, ndogo za ukubwa wa kiberiti, zinazunguka kwa hasira mchana kutwa. Chumba kile hakina dirisha. Tulilazimika kufunga mlango, maana wateja walilalamika, kwa hivyo akawa amefungiwa ndani na ile ngurumo. Jioni akitoka alikuwa anaongea kwa sauti ya juu kama mtu wa mashine ya kusaga, na anajishika kichwa. Hakusema neno. Alinunua dawa za kichwa, na karatasi zake nilizikuta kwenye pipa la takataka.

Aliyesema ni Hajji. Alipanda siku moja saa za chai. "Nyinyi mmeleta ndege huko juu? Redio zangu mteja hazisikii, anadhani zimeharibika!" Kisha akachungulia kule nyuma, akamwona, akafunga mlango taratibu, akanigeukia. Hajji watu wake walitoka kaskazini zamani, na yeye amezaliwa mjini humu.

"Huyu dada mbona mmemfungia huko?"

"Ni hali, Hajji," nikamjibu.

"Hali ni nani? Mlete nimwone." Nikacheka, maana sikujua la kufanya. Yeye hakucheka. "Mimi naitwa mgeni hapa tangu nizaliwe, mama. Na kaunta yangu iko mbele, barabarani. Wanaotaka kuniona waione sura, wasiotaka wapite."

Alishuka. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Na sasa sikiliza nilichofanya na ile aibu, maana mtu mwenye akili timamu angemtoa mwenzake kule ndani siku hiyo hiyo. Mimi niliamua kuirekebisha swichi. Ati nitamtengenezea mahali pazuri.

Na yeye alifurahi! Hilo ndilo linaniuma. Tulikuwa hatujafanya kazi pamoja tangu yale mambo, na Jumapili hiyo saiba imefungwa tukailaza ile swichi juu ya meza, tukachomoa nyaya zake zote mbili, na kabla sijagusa kitu akanipiga kibao cha mkono. "Ngoja! Unataka nikuzike?" Pawa saplai hata ukiichomoa inaweka stima tumboni kwa muda. Tukangoja, tukinywa chai. Halafu tukafungua kifuniko, kila mmoja na mkono wake mmoja mfukoni. Tulifundishwa hivyo: mkono mmoja ufanye kazi, mwingine ukae mfukoni, ili stima ikikushika isipite katikati ya kifua. Ukituona ungedhani ni wazee wawili wanazungumzia bei ya mahindi.

Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupanda sukuma. Yeye alipuliza, akapiga chafya, akaanza kuisema vibaya ile ofisi iliyotuuzia. Alitaka tuache pawa saplai zote mbili. Mimi nilikuwa nimefikiria tuondoe moja, kelele ipungue na joto lipungue. "Ng'o," alisema. "Iko na mbili, ikae na mbili. Siku moja ikizima utanikumbuka." Basi tukaziacha. Tulichomoa zile feni ndogo zote, tukamwendea fundi wa mageti atutobolee kifuniko matundu mawili makubwa kwa drili na msumeno, na juu yake tukafunga feni mbili pana tulizotoa kwenye kompyuta zilizokufa. Feni pana haihitaji hasira. Inazunguka polepole na hewa inaingia ile ile.

Tulipoiwasha tuliangaliana. Kimya. Ungeweza kusikia Hajji kule chini akikohoa.

"Ngai," alisema mwenzangu, akakaa kwenye ndoo. "Kumbe dunia bado iko."

Akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiacha hapo kwa muda mrefu kupima. Vuguvugu tu. Akachomoa waya wa kwanza, swichi haikushtuka. Akaurudisha, akachomoa wa pili, haikushtuka. Kulikuwa na kasoro moja. Swichi yenyewe ilikuwa imezoea kuzihesabu zile feni zake ndogo, na kwa kuwa haikuziona iliwasha taa ya rangi ya chungwa pale mbele, haitaki kuzima. Nikakata kipande cha tepu nyeusi nikaibandika taa.

"Patna, hiyo taa inakuambia kitu."

"Itazoea," nikasema.

Akacheka. "Na mimi nikilalamika utanibandika tepu?" Nikacheka pia, tena sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Kichwa kilimwacha. Tuliufunga mlango bado, kwa ajili ya ile hali, lakini plaiwudi si ukuta. Sasa alikuwa anasikia kila kitu cha kaunta. Mteja akisema jambo la kuchekesha nilimsikia akicheka huko nyuma. Nikikosea kumjibu mtu, aligonga plaiwudi mara moja, na nilijua nimekosea. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani chini chini. Nataka ieleweke vizuri: nilijua anasikia. Ningependa sana kusema nilisahau.

Kulikuwa na mzee mmoja kutoka kule mashambani Ziwa, mkulima, mwenye mtoto anayesoma Amerika. Alikuwa akija baada ya soko, ameoga, amevaa koti, ili aongee na mtoto wake kwa kompyuta na amwone uso. Mwenzangu ndiye aliyemfundisha. Alimshika mkono juu ya mausi kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika, na siku uso wa kijana ulipotokea, mzee alivua kofia. Tangu siku hiyo alituita wasichana wangu, na kila akija alituletea maziwa lala ya ng'ombe wake, chupa mbili, moja ya huyu na moja ya huyu. Usidhani alikuwa mtu mbaya. Hilo lingenirahisishia kazi.

Alikuja wiki mbili tatu baada ya sisi kurekebisha swichi. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu yale mambo. Saiba ilikuwa imejaa, vijana wameshika kompyuta zote, wengine wamesimama. Alinisalimia kwa lugha yetu, nikaitikia kwa lugha yetu, na hilo peke yake lilikuwa kosa, maana mimi na mwenzangu tulikuwa tumekubaliana hapo kaunta ni Kiswahili tu, kwa kila mtu. Lakini mzee akikusalimia kwa lugha ya nyumbani utamjibuje? Akaweka chupa juu ya kaunta. Moja.

Akaangalia kile kiti nilichokalia. "Yule mwingine alirudi kwao?"

Nyuma ya plaiwudi alikuwa anaimba. Nilikuwa namsikia.

"Afadhali," mzee akaendelea, kabla sijajibu, kwa sauti ya mtu anayetoa baraka. "Sikumchukia, ni msichana mzuri. Lakini kila mtu akikaa kwao, kutakuwa na amani. Sasa hapa ni kwetu, tunaweza kuongea bila wasiwasi."

Vijana waliokuwa wamesimama walinitazama. Sisi mtoto hamjibu mzee mbele ya watu, hivyo ndivyo tulivyolelewa, na nimejitetea kwa hilo miaka mingi. Ningeweza kunyamaza. Mzee asingelazimisha. Ningeweza kusema "Mzee, kompyuta yako ni ile ya mwisho." Lakini nilipewa maziwa, na wote walikuwa wananitazama vizuri, na moyoni, Mungu anisamehe, nilisikia raha kidogo ya kuwa mtu wa hapo.

"Eeh, Mzee," nikasema kwa lugha yetu, ile lugha ambayo mwenzangu aliijua vizuri. "Tuko sisi tu."

Wimbo ukakatika.

Hakugonga plaiwudi. Niliendelea na kazi, nikamwekea mzee mtoto wake kwenye skrini, nikapokea wateja, nikarudisha chenji, na muda wote sikio langu lilikuwa nyuma. Zile feni mpya hazikunisaidia hata kidogo. Kama angesogeza kiti ningesikia. Hakusogeza kitu.

Jioni tulipofunga nilimpelekea ile chupa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kitu cha kusema, na kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Mzee wa Ziwa ameleta maziwa."

Alikuwa anavaa sweta. "Kunywa tu, Patna," alisema. "Ameleta ya mtu mmoja."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira tungegombana, na tukigombana tungepona, maana tulikuwa tumegombana mara elfu. Akaniambia nimwachie funguo, kuna waya anataka kuangalia asubuhi kabla wateja hawajaja. Nikampa. Nyumbani niliyamwaga yale maziwa kwenye sinki, halafu nikaona haya hata kwa kuyamwaga.

Asubuhi nilipofika chini kwa Hajji, aliinua kichwa akanitazama bila salamu, akanyoosha kidole juu. Nikasikia. Ilikuwa inanguruma. Nilipanda ngazi na kwa kila ngazi kelele ilizidi, na juu wateja wawili walikuwa wameshafika, wanakunja uso. Nikapita kaunta nikafungua mlango wa nyuma.

Alikuwa amezirudisha. Feni zote ndogo, moja moja, za pawa saplai na za ubavuni, kila waya mahali pake. Yale matundu ya kifuniko alikuwa ameyaziba na vile vipande vilivyokatwa, amevibandika kwa tepu yangu nyeusi, kazi safi kama kawaida yake. Taa ya mbele haikuwa na tepu tena. Iliwaka kijani. Na feni zetu pana zilikuwa juu ya ndoo, zimefungwa pamoja kwa uzi, tayari kurudishwa kwenye kompyuta zilizokufa. Yeye alikuwa ameketi na uso ukutani, anatengeneza kibodi.

Nilimgusa bega. Akageuka, akaniona natazama swichi.

"Ilikuwa inapata joto!" alinipigia kelele juu ya ile ngurumo.

Niliweka kiganja juu ya kifuniko. Labda nilitaka kumwamini. Kilikuwa kimepoa kabisa, zile feni ndogo zina nguvu sana, lakini hata kwa zile feni zetu pana kilikuwa vuguvugu tu, na yeye ndiye aliyekipima.

"Nisamehe," nikasema.

Akaonyesha sikio lake kwa kidole, akatikisa kichwa. Hasikii. Alikuwa anatabasamu kidogo, vile anavyomtabasamia mteja asiyemjua.

Ingenibidi nipaze sauti. Ili alisikie hilo neno ingebidi nilitoe kwa nguvu zangu zote, na mlango ulikuwa wazi, na kwenye kaunta walikuwa wameshajaa watu wa huku, wananisubiri. Nikageuka nikawatazama. Nikamtazama yeye.

Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikapanda kwenye kiti chake.